Siku Tatu za Wazazi Mtoni Nambiga

Kijiji cha Ujamaa Naluyeye,
kupitia Miteja, Kilwa.
6 Januari 1975

Kwa mume wangu Abilahi Hasani,

Pokea salamu zangu na za kijiji kizima. Mimi ni mzima, goti la kushoto tu ndilo linanuna kila mvua ikinyesha. Mbuzi wa mama yako mdogo amezaa mapacha. Mke mwenzangu Samia mpe mkono, na umwambie bado sijamsamehe kwa kukuchukua, ingawa nasikia anapika vizuri.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usishangae herufi kwenda kombo. Mwalimu wetu wa kisomo ni Apolonia, binti wa Kimakonde aliyeletwa na wilaya, na amesema mimi ni wa pili darasani. Wa kwanza ni mzee Fakihi, mwenyekiti wa kijiji, lakini yeye huchungulia kwa jirani.

Sasa nisikilize. Mvua kubwa ilianguka kabla ya mwaka mpya, Mto Nambiga ukajaa, na samaki, kambare na kuyu, wakapanda kutoka Mto Matandu, matumbo yamejaa mayai, wakielekea kinamasi cha juu wanakozaa siku zote. Nadhani hujasahau siku tatu za wazazi. Tangu samaki wa kwanza aonekane, hakuna kutega mgono wala kutupa ndoana mpaka wenye mimba wapite, na siku ya nne ndipo tunatega. Basi tukakaa ukingoni tukingoja wapite, na hawakupita. Ule ukuta wa saruji mliotujengea mwezi wa Septemba, unaogeuza maji kwenda kwenye mpunga wa kijiji, umewafungia njia. Kambare walijazana chini yake. Kuyu waliruka, wakapiga vifua kwenye saruji, wakaanguka, wakaruka tena. Siku ya tatu wakaanza kumwaga mayai pale pale kwenye mchanga, na maji yakayachukua yote.

Sisi wanawake tuliingia mtoni na ndoo, tukachota samaki na kuwavusha juu ya ukuta mmoja mmoja. Kambare ni mtelezi, na mimi nilianguka mara nne mbele ya watu. Tuliowavusha hawajai hata kitoroli.

Nikueleze linaloniuma. Tulipoambiwa tuhame kijiji cha Nambiga ya zamani, wanawake wa ukoo wetu walikataa kupanda lori. Mimi ndiye niliyesimama nikawaambia mto ni ule ule, na mwezi wa njaa ukifika samaki watatukuta huko huko. Waliniamini, wakapakia vyungu vyao. Sasa mwezi wa njaa umefika, wanakula unga wa njano wa msaada, huu tunaouita Yanga, kwa majani matupu, na kila tonge wakinitazama. Samaki wasipozaa mwaka huu na mwakani, mto utakuwa wa maji tu, na mimi nitakuwa mwongo wa kijiji mpaka nife.

Wewe uko idara ya maji hapo Lindi. Nitafutie jina la mtu aliyechora ukuta huu. Sitamfanya kitu, nataka kumjua tu.

Mimi bibi yako,
Adija binti Likwata


Lindi,
2 Februari 1975

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, imelowa upande mmoja, lakini nimeisoma yote. Nilimwonyesha kila mtu ofisini mwandiko wako. Sisi wazima. Samia anasema yuko tayari kukurudishia mume hata kesho, mradi uje umchukue pamoja na nguo zake chafu.

Habari ya samaki imenihuzunisha sana. Kuhusu mchoro, hapa ofisini michoro ni mingi sana, hupita mikono mingi, mmoja hupima, mwingine huchora, mwingine hutia sahihi, na wakati mwingine karatasi hutoka makao makuu ikiwa imeshapigwa muhuri, hivyo si rahisi kujua. Aliyechora, yeyote awaye, nadhani alifikiria mpunga na hakufikiria samaki. Nadhani pia anajuta.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kuyu huruka urefu gani? Na ukuta, maji yakiwa yamejaa, hubaki umetokeza kiasi gani? Nipe vipimo, nitatafuta njia. Tafadhali msiendelee kuingia mtoni na ndoo. Goti lako nalijua.

Mjukuu wako,
Abilahi


Naluyeye,
27 Februari 1975

Kwa mume wangu Abilahi,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na jibu la Samia nimemsomea Apolonia, tumecheka mpaka darasa likaharibika. Mapacha wa mbuzi wanaendelea vizuri. Mzee Fakihi sasa ni wa tatu darasani kwa sababu amehamishiwa benchi la mbele.

Vipimo vyako hivi hapa. Sikuwa na futi, nilisimama mwenyewe majini. Kuyu huruka mpaka kiunoni mwangu. Ukuta unanifika shingoni. Kambare haruki, yeye hutambaa na kusukuma kwa kichwa, na akichoka hujibanza mahali akapumzika. Usije ukachora kitu cha kurukia tu ukamsahau kambare.

Juzi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Vijana walikuja na mitarimbo, wanataka kuuvunja ukuta siku hiyo hiyo. Mzee Fakihi alisema ukuta ni mali ya umma, lakini alisema kwa sauti ndogo. Basi nikasimama mimi. Niliwaambia mpunga wanauona wenyewe ulivyokubali, na hakuna mtu atakayeugusa ukuta ule mpaka mvua za mwisho wa mwaka huu zije, kwa sababu mjukuu wangu anatafuta njia ya samaki. Walinishangaa. Aliyelia zaidi kuhusu samaki ndiye anautetea ukuta! Nikawaambia wasinishangae, warudishe mitarimbo stoo. Wamekubali, lakini wamenipa mpaka mvua hizo tu.

Jina la mchoraji bado sijaliona katika barua yako. Nimeisoma mara tatu, na juu na chini ya karatasi.

Bibi yako,
Adija


Lindi,
19 Aprili 1975

Bibi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Barabara ilikatika, halafu mimi nikashikwa na homa wiki mbili, sasa nimepona. Samia naye hajisikii vizuri asubuhi, lakini ugonjwa wake ni wa kheri. Inshallah mwezi wa Novemba utakuwa na kitukuu.

Njia imepatikana. Nitajenga ngazi ya maji pembeni mwa ukuta. Ni mfereji wa saruji unaopanda polepole, umekatwa vidaraja vidaraja, na kila kidaraja kina dimbwi lake dogo. Maji yatashuka humo mwaka mzima, samaki watapanda daraja moja, kisha jingine, mpaka juu.

Tumeijaribu hapa. Mwashi wetu Kornelio, mtu wa kule Nyangao, alijenga ngazi ndogo nyuma ya ofisi kwa matofali, tukamwaga maji kwa mpira, tukanunua kambare watatu wazima sokoni. Siku ya kwanza walikataa kabisa. Mmoja alitoka nje ya mfereji akatambaa mpaka mlangoni kwa mkubwa wa ofisi, karani akapanda juu ya meza. Siku ya pili Kornelio alitia kitu kidogo ndani ya ngazi, na wote watatu wakapanda mpaka juu. Siri yake hataki niiandike, eti barua hupotea. Atawaonyesha wazee mwenyewe.

Mkubwa alicheka kwanza, kisha akatupa saruji mifuko kumi na miwili iliyobaki kwenye kazi nyingine, na ruhusa ya wiki tatu mwezi wa Agosti. Kijiji kitoe mawe na mikono.

Kuhusu lile jina, bado naulizia.

Mjukuu wako,
Abilahi


Naluyeye,
10 Oktoba 1975

Kwa mume wangu Abilahi,

Idi imepita salama, tumekula wali wa kijiji. Ndiyo, wali, wa mpunga wetu, wa ukuta ule ule. Tulipakua hadharani, kaya kwa kaya, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa nilisikia wanawake wakiimba bila kuambiwa waimbe.

Tangu mwondoke mwezi wa Agosti watu wanakwenda kuitazama ngazi kila jioni. Kornelio mwambie Apolonia anamsalimu. Mwambie alimsalimu mara mbili, na mara ya pili alinisimamisha njiani kuhakikisha sijasahau. Mtu aje kujenga njia ya samaki akaondoka na moyo wa mwalimu wetu, hilo nalo ni jambo la kulichunguza.

Wewe nilikuona umekonda. Ulifanya kazi wiki tatu, ukabeba mawe kama mtu anayelipa deni, na jioni ulikaa peke yako juu ya ukuta. Sikukuuliza kitu, na sasa pia sikuulizi.

Habari kubwa ni kwamba mkubwa wa maendeleo kutoka wilayani atakuja mvua zikianza, aone samaki wakipanda. Mimi nimeteuliwa mwenyekiti wa kamati ya usafi. Mafundi wanaume hamjui kufagia mnapomaliza kazi, hilo nimeliona, lakini msijali, tutawasaidia.

Bibi yako,
Adija


Naluyeye,
20 Desemba 1975

Abilahi,

Barua hii anakuletea Damiani, dereva wa lori la korosho la chama cha ushirika. Hongera kwa mtoto. Nimesikia mmempa jina la mama yake Samia. Sijanuna.

Mvua imekuja tarehe kumi na saba, na samaki wamekuja. Wanaingia kwenye ngazi, wanapanda daraja la kwanza, maji yanawarudisha. Wanaingia tena, yanawarudisha tena. Leo ni siku ya tatu na hajapita hata mmoja. Mgeni alikuja, akangoja, akaondoka. Mzee Fakihi amesema mvua ijayo ikipita hivi, mitarimbo itatoka stoo, na mimi sitakuwa na la kusema.

Hapa kila kitu kiko safi, ngazi nayo ni safi. Sielewi.

Adija


Lindi,
22 Desemba 1975

Bibi yangu,

Shikamoo. Damiani anageuza leo, ananingoja nje na injini inanguruma, naandika nikiwa nimesimama. Mtoto anaitwa Zuhura na mzima. Anafanana na wewe anapolia.

Kwanza niseme nililolificha mwaka mzima. Mchoro wa ukuta ule ni wangu. Hakuna mikono mingi wala makao makuu. Mimi nilipima, mimi nilichora, mimi niliuliza maji ya mpunga ni kiasi gani, na nilizaliwa kando ya mto ule nikala samaki wake, na siku ile sikuwakumbuka. Kila barua yako ilipokuja na swali lile niliona haya hata kumtazama Samia. Ukuta ukivunjwa nitastahili, ila usivunjwe kabla hujanijibu haya.

Bibi, yale mawe yamo? Kornelio alijaza kila dimbwi mawe makubwa ya mtoni, yenye tope na majani ya kijani, yamekaa hovyo hovyo. Wazee waliokuwepo aliwaambia hivi: "Samaki hapandi maji, hupanda mapumziko." Maji yakigonga mawe hupungua nguvu, na nyuma ya kila jiwe kambare hupata pa kujibanza. Bila mawe, ngazi ni bomba tu. Hiyo ndiyo siri yake yote. Labda mafuriko yameyasomba. Tazameni, na kama hayamo, tieni mengine leo hii, msingoje.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Abilahi


Naluyeye,
29 Desemba 1975

Kwa mume wangu Abilahi,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya tatu. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Kama Samia yuko karibu, naye akae, na Zuhura ampakate.

Mawe hayakusombwa na maji. Niliyatoa mimi.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nakuambia yote. Kornelio alipokuwa anaeleza habari ya mapumziko, sisi wanawake tulikuwa jikoni tunawasongea ugali, hatukusikia neno. Mimi nikaja kuona ngazi nzuri ya saruji imejaa mawe machafu, na mgeni wa wilaya anakuja. Tangu ile kampeni ya Mtu ni Afya hapa kwetu hata shimo la taka tunalifagia. Basi niliita wanawake ishirini na wawili. Tukayatoa mawe yote, tukasugua ngazi kwa mchanga na makumbi ya nazi mpaka ikang'aa, halafu mawe tukayapaka chokaa tukayapanga kulia na kushoto mwa njia, kuanzia ofisi ya kijiji mpaka mtoni. Yalipendeza sana. Mgeni aliyasifu kwanza kabla ya kuuliza samaki wako wapi.

Mzee Fakihi alikuwepo Kornelio alipoeleza. Nilipomuuliza kwa nini hakunikataza, alisema, "Ningekukatazaje, Bi Adija, na ndoo ulikuwa nayo mkononi?"

Damiani alinikabidhi barua yako asubuhi ya tarehe ishirini na nne, mvua ya pili ikiwa imeshaanza. Niliisoma pale pale barabarani, nikaisoma tena, halafu nikasimama mbele ya ofisi nikawaambia watu wote kwamba kosa ni langu, si la ngazi, na mwenye kutaka kunicheka anicheke huku amebeba jiwe. Walinicheka wote, na wote wakabeba. Hata wale vijana wa mitarimbo waliitumia kung'olea mawe njiani. Tuliyasugua chokaa kwa mchanga, na mengine hayakutakata vizuri, tukayatia hivyo hivyo, hovyo hovyo, kama mwashi alivyotaka.

Abilahi, walipanda. Kabla ya adhuhuri kambare mmoja mkubwa, tumbo lake limevimba, aliingia dimbwi la kwanza akajibanza nyuma ya jiwe. Akakaa. Sisi tuko ukingoni hakuna anayekohoa. Halafu akasukuma, akaingia la pili, akakaa tena. Alipofika juu na kuteleza kwenye maji ya upande wa pili, mkia wake ulitupigia maji usoni, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikawaziba midomo kwa mikono yangu, wasije wakawatisha waliobaki nyuma. Baada yake walikuja kumi, halafu nikaacha kuhesabu, kuyu na kambare pamoja. Tulishika siku tatu za wazazi kama inavyotakiwa, tukilinda mchana kwa zamu, na hakuna aliyetega. Siku ya nne tukatega. Leo hakuna nyumba inayokula majani matupu, na wale waliokuwa wakinitazama kwa kila tonge sasa wananisogezea kichwa cha samaki nile mimi kwanza.

Na sasa lile jina. Nililijua tangu Februari, siku nilipopata barua yako ya kwanza. Nimekulea mimi. Wewe ukiulizwa swali moja na hukufanya kosa, hujibu neno moja. Mimi nilikuuliza nani amechora, ukanijibu mistari sita na muhuri wa makao makuu. Kwa nini unafikiri niliusimamia ukuta mbele ya mitarimbo? Nilitaka uje useme mwenyewe, na nilikuwa tayari kungoja. Nimefurahi umesema kabla hujajua kosa langu, maana ungesema baada yake ningekuona mjanja.

Hakuna wa kumsamehe hapa. Wewe ulisahau samaki, mimi nimewafukuza kwa ufagio.

Bibi yako anayekupenda,
Adija binti Likwata


Naluyeye,
9 Mei 1976

Kwa mume wangu Abilahi,

Natumaini nyote wazima na Zuhura anakaa sasa. Apolonia ameomba ruhusa ya kwenda Lindi mwezi ujao. Anasema anafuata vitabu. Mwambie Kornelio anyoe.

Leo nina jambo moja tu. Mvua zimekatika na kinamasi cha juu kinaanza kukauka. Jana asubuhi nilishuka mtoni kuchota maji, nikasikia kitu kinanigusagusa miguuni. Nikadhani ni majani. Niliinama nikatazama, nikaona maji yamejaa vitoto vya samaki, vidogo kuliko kidole cha Zuhura, maelfu, vinashuka kutoka kinamasini. Vingine vinateleza juu ya ukuta wako, vingine vinapita ngazini, vinazunguka jiwe hili na jiwe lile.

Niliita wanawake. Walikuja na ndoo zao, wakaziweka chini, wakaingia majini bila hata kukunja kanga, na tukasimama hapo mto mzima, miguu imetulia, tunawaacha watoto wapite katikati yetu. Kisha mmoja wao, yule aliyekuwa wa mwisho kupanda lori siku tulipohama, alinishika mkono akaniambia, "Wametukuta, Bi Adija."

Nililia, mume wangu, mbele ya watu wote, na sikuona haya hata kidogo.

Leo bado wanashuka. Mchukue mkeo na mwanao mje na lori la kwanza. Usingoje ruhusa ya maandishi, na usianze kunijibu barua hii, maana kabla haijafika watakuwa wameshaingia Matandu.

Adija